Uvimbe wa wengu: kwa nini hawachukui kinyama?

Swali: Wakuu, picha ya CT inaonyesha uvimbe wenye mishipa mingi, wanahisi angiosakoma (saratani ya mishipa ya damu). Daktari hataki kuchoma sindano kuchukua kinyama cha kupima, anataka kuondoa wengu wote. Ni sawa?

Tabibu: Sawa kabisa. Saratani hii huanzia kwenye kuta za mishipa ya damu; sindano inaweza kumwaga damu tumboni. Wengu huweza kupasuka wenyewe, na hapo seli husambaa. Maumivu ya ghafla ubavu wa kushoto na kizunguzungu: hospitali saa hiyohiyo! Ini nalo lichunguzwe, mara nyingi saratani hukimbilia huko.

Muuguzi: Chanjo dhidi ya bakteria nimokoka, meningokoka na Hib zitolewe angalau siku 14 kabla ya upasuaji. Baada ya hapo homa yoyote ni dharura. Chandarua kila usiku, tafadhali. Malaria humlemea asiye na wengu.