Mrejesho: niliyewauliza kuhusu akili isiyotulia

Assalamu alaikum ndugu zangu. Miezi mitatu nyuma niliwauliza nifanyeje: nakaa na wanangu lakini akili iko kwenye simu na madeni. Wengi mlisema nishike jambo moja dogo, nisiliache.

Nilichagua baada ya alfajiri. Simu naiacha ndani, natembea hapa Lamu kutoka mtaa wa Langoni hadi uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, kabla punda hawajaanza kubeba mchanga. Wiki ya kwanza mkono ulipapasa mfuko kila hatua. Jana nilisimama kabisa kutazama mafundi wakipandisha boriti za mikoko za kubeba dari kwenye nyumba ya zamani. Nimezaliwa hapa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba: upana wake hufuata urefu wa boriti!

Madeni bado yapo, ila nayaandika daftarini kila Ijumaa badala ya kukesha nayo. Binti yangu sasa ananisimulia ya chuoni mpaka mwisho, nami namsikiliza. Aliyeniambia nisiizime simu moja kwa moja bali niiwekee saa zake, Mungu akulipe kheri. Baada ya isha bado inanishinda. Hapo ndipo nilipo.