Photoshop, GIMP au Affinity kwa kusafisha ngozi kwenye picha za uso?

Nuru_Pembeni: Wakuu, habari za leo. Kabla mwezi haujaisha nataka niamue programu moja ya kusafishia ngozi kwenye picha za watu, nitulie nayo. Nimebaki na tatu: Photoshop ya kulipia kila mwezi, GIMP ya bure, na Affinity ya kununua mara moja. Nataka chunusi ziondoke lakini ngozi isigeuke plastiki. Ipi bora?

Kipanya_Kimoja: Bora kwa nani? Hujasema kompyuta yako ina RAM kiasi gani, unapiga RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG (lililobanwa tayari), picha zinaishia kwenye simu au zinachapwa kubwa. Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Leya_Juu_ya_Leya: Halafu Affinity ya kununua umeitoa wapi? Tangu Oktoba 2025 ni ya bure, unachohitaji ni akaunti ya Canva, kampuni inayoimiliki. Zinazolipiwa ni zana za akili mnemba. Na kichujio cha kutenganisha masafa kimo ndani tayari: unapata leya (tabaka za picha) mbili, moja ya umbile la ngozi, nyingine ya rangi na vivuli. Kwenye Photoshop hiyo kazi unaijenga mwenyewe hatua kwa hatua.

Mzee_wa_Brashi: Hicho kichujio ndicho kinachowaharibu vijana. Mtu anamwaga ukungu kwenye leya ya rangi mpaka shavu zima linakuwa rangi moja. Ngozi nyeusi ndiyo inaumia zaidi, maana umbo la uso linabebwa na mng'ao wa paji, pua na mashavu. Ukiufuta, uso unabaki bapa na wa kijivujivu. Mimi naweka leya ya kijivu cha asilimia 50, naichanganya kwa hali ya mwanga laini, kisha brashi nyeupe na nyeusi yenye mtiririko wa asilimia 2, nang'arisha na kutia giza kidogo kidogo. Programu zote tatu zinaweza hilo.

Leya_Juu_ya_Leya: Shikamoo mzee, lakini kwa njia hiyo uso mmoja ni saa nzima. Mwenye picha 200 za harusi afanyeje?

Mzee_wa_Brashi: Marahaba. Zote 200 za nini? Safisha za albamu, nyingine rekebisha mwanga uziache.

Kioo_Changu: Mimi nipo upande wa pili wa kamera, nisikilizeni. Nilipigwa picha za kazini, studio siitaji. Zilipokuja, kovu la kwenye nyusi nililokuwa nalo tangu utotoni halipo. Kidoti cha juu ya mdomo hakipo. Kuuliza, naambiwa plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, inafanya yenyewe. Na walisafisha uso wakaisahau shingo: kuanzia kidevuni kwenda juu ni binti wa miaka 18, kwenda chini ni mimi. Ukikuza picha unaona ukungu umekula hadi nywele ndogo za pembeni ya paji, ukabaki mstari kama wigi lililobandikwa. Nikasema basi, nipeni ya awali. Wamehifadhi JPEG juu ya JPEG, ya awali hakuna! Nilikwenda kupigwa upya kwingine, kwa pesa yangu.

Kipanya_Kimoja: Pole sana dada. Kitakachopona chenyewe ndani ya wiki mbili futa, cha kudumu muulize mwenye uso. Na zana ya kuponya itumike kwenye leya tupu juu ya picha, brashi ikizidi chunusi kidogo tu, sampuli uchukue jirani penye mwanga uleule.

Haki_ya_Picha: Ndiyo maana Ufaransa, tangu 1 Oktoba 2017, picha ya biashara iliyohaririwa mwili wa mwanamitindo lazima iandikwe hivyo.

Mzee_wa_Brashi: Ile ni kumpunguza au kumnenepesha mtu. Chunusi haimo, usichanganye mambo.

Haki_ya_Picha: Norwei je? Sheria yao iliyoanza kutumika 2022 imetaja na ngozi.

Leya_Juu_ya_Leya: Mwenye mada kakimbia, sisi tunatunga sheria.

Nuru_Pembeni: Sijakimbia wakuu, nilikuwa kazini. RAM ni GB 8, napiga JPEG, nyingi zinaishia kwenye simu, chache zinachapwa. Natumia Linux, si Windows.

Kipanya_Kimoja: Linux! Hilo ndilo la kusema mwanzo. Photoshop na Affinity hazina toleo la Linux. Baki na GIMP. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 ina kichujio cha kuigawa picha katika leya za umbile, kuanzia vinyweleo hadi vivuli vikubwa, unasafisha ile yenye tatizo tu. Na 3.0 ya 2025 inakuruhusu kurudi kurekebisha kichujio baadaye.

Leya_Juu_ya_Leya: Au aweke Windows pembeni ya Linux.

Mzee_wa_Brashi: Kwa ajili ya chunusi?

Nuru_Pembeni: Na programu ya darktable je? Nasikia nayo inasafisha ngozi.

Kipanya_Kimoja: Inayo moduli hiyo, tena nzuri, ila utamu wa darktable ni RAW. Anza kupiga RAW kwanza.

Mzee_wa_Brashi: Mimi ningeanza na tableti ya kalamu. Brashi ya asilimia 2 kwa kipanya ni mateso.

Kipanya_Kimoja: Mzee, jina langu umelisoma vizuri?