London hadi New York: saa 6 au saa 8?

Hamjambo ndugu zangu. Mama amekatiwa tiketi ya Heathrow kwenda JFK, ndege ya moja kwa moja. Tovuti ya kupima umbali inanipa kama kilomita 5,550 na muda wa saa 6 na dakika 40. Tiketi inasema saa 8. Nishike lipi? Naomba ruhusa kazini nikampokee, na bosi wangu hataki mambo ya kubahatisha.

---

Dada, shika tiketi. Tovuti hizo huchukua njia fupi kuliko zote, zikaigawa kwa mwendo wa ndege, basi. Upepo haumo. Juu ya Atlantiki, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ndio huzidi ukali. Mama anakwenda akiukabili, atarudi ukimsukuma. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege moja ilitoka JFK ikatua Heathrow kwa muda usiofika saa 5!

Halafu saa za kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, pamoja na ule msururu wa kusubiri kuruka. Heathrow msururu huo si wa dakika mbili.

---

Ahsante kaka. Ila ya kurudi imenichanganya zaidi: inaondoka saa 2 usiku, inafika saa 2 asubuhi. Si saa 12 hizo?

---

Mwanangu, kila saa kwenye tiketi ni ya mji wa uwanja husika. London iko mbele ya New York kwa saa 5, kwa hiyo toa 5, zinabaki 7. Ya kwenda unajumlisha: akiondoka saa 5 asubuhi na kutua saa 8 mchana, ni 3 na 5, ndizo 8 zako.

Mama anasafiri mwezi gani? Kama ni Machi, angalia vizuri. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni saa 4 tu. Mwishoni mwa Oktoba hutokea tena, kwa wiki moja.

Na ruhusa usiombe ya saa ya kutua. Kuna foleni ya uhamiaji, kisha mizigo, na mzee hatembei mbio. Ongeza saa moja na nusu.

---

Nyongeza kwa wanaounganisha ndege: ukipitia Dublin, uhamiaji wa Marekani unaumaliza hukohuko Dublin, na ukitua JFK unatoka kama abiria wa safari ya ndani. Ila muda wa kubadilisha ndege uwe wa kutosha, maana ukaguzi huo nao una foleni yake.