Mnaouza "Barcelona ya Gaudí kwa bei chee", acheni kupotosha watu

Wakuu, heshima zenu.

Huu uzi ni wa hasira na sitauremba. Unahusu kazi za Antoni Gaudí, mbunifu wa majengo wa Barcelona, Hispania. Kila baada ya siku mbili anaibuka mtu na orodha ya "vitu vya kuona bure Barcelona": picha za kuokoteza, ushauri wa miaka kumi iliyopita, na mwishoni kiungo cha dalali wa tiketi. Anayeumia ni yule msafiri wa peke yake aliyedunduliza, akalipa euro 90 za visa ya Schengen ambazo hazirudi hata ukinyimwa, halafu anafika kwenye lango la Park Güell, bustani ya Gaudí, saa moja asubuhi anaambiwa arudi alikotoka.

Tuanze na hiyo hiyo Park Güell. "Wahi kabla ya saa mbili asubuhi, unaingia bure." Hii mnaikariri tu, imeshapitwa na wakati. Eneo la katikati, lenye yule mjusi wa vigae na lile benchi refu la mawimbi, lilianza kulipiwa Oktoba 2013. Mwaka 2020 wakapanua eneo la tiketi hadi hekta 12. Sasa asubuhi kabla ya saa tatu na nusu ni muda wa wakazi waliosajiliwa, siyo wako wewe mwenye begi mgongoni. Tiketi ilikuwa euro 10. Mwaka 2025 ikaruka hadi 18. Ina saa yake, unapewa nusu saa ya kuchelewa, na ukishatoka hurudi ndani kwa tiketi ile ile. Haya yote yako kwenye tovuti ya bustani yenyewe, parkguell.barcelona. Kusoma dakika tano kunawashinda nini?

Halafu mnawaambia watu wapande basi namba 116 kwenda bustanini. Mwaka 2024 halmashauri ya jiji iliomba basi hilo liondolewe kwenye ramani ya Google, kwa sababu wazee wa mtaani walikuwa hawapati pa kukaa, limejaa watalii. Hapo mimi niko upande wa wenyeji. Njia ipo: shuka metro ya mstari L3 kituo cha Lesseps au Vallcarca, utembee kama dakika 20. Vallcarca kuna ngazi za umeme za nje kwenye mtaa wa Baixada de la Glòria, ila hazikufikishi hadi juu, kuna vipande vya kupanda kwa miguu yako. Ukikata tiketi ya saa nne kamili, toka metro saa tatu na dakika ishirini.

Na ukishalipa hizo 18, angalau ujue unachokiangalia. Zile nguzo 86 chini ya uwanja wenye benchi la mawimbi zilikusudiwa kuwa soko la mtaa wa kitajiri wa viwanja 60. Mtaa ukabuma, zikajengwa nyumba mbili tu. Uwanja wa juu ni chujio: mvua inapenya kwenye mchanga, inashuka kupitia ndani ya nguzo hadi kwenye kisima kilicho chini, na maji yanayozidi yanatokea mdomoni mwa yule mjusi. Watu wanapanga foleni kupiga naye selfi na hakuna aliyewaambia kwamba ni bomba la maji. Ndiyo "mwongozo" wenu huo.

Sasa njoo kwenye wizi mkubwa: "KURUKA FOLENI" Sagrada Família, lile kanisa kubwa la Gaudí. Hakuna foleni ya kuruka! Tiketi zote zina saa. Foleni pekee iliyobaki ni ya ukaguzi wa mabegi, na hiyo hairukwi na mtu, hata uwe umelipa mara tatu. Tiketi ya msingi kwenye sagradafamilia.org ni euro 26, na maelezo ya sauti yamo, unayasikiliza kwa programu kwenye simu yako (beba spika zako za masikioni). Ukitaka na mnara ni 36. Dalali anachofanya ni kulipia tangazo ili tovuti yake ikae juu kabisa unapotafuta, anaongeza neno "haraka", anakupangia mkutane na kiongozi kona fulani, unasubiri kikundi kijae, unamaliza umetoa karibu mara mbili. Msafiri wa peke yake ndiye anayenaswa kirahisi, kwa sababu tiketi rasmi za siku mbili tatu zijazo mara nyingi zimeisha, naye hana mtu wa kumwambia "subiri kwanza". Dawa ni moja: tiketi rasmi huanza kuuzwa takriban miezi miwili kabla. Nunua mapema. Ukikosa, chungulia tena usiku na asubuhi, wakati mwingine nafasi moja moja inajitokeza. Hapo kuwa peke yako ni faida, familia ya watu watano haiwezi kuokota nafasi ya mmoja.

Mnara: lifti inakupandisha, kushuka ni kwa ngazi nyembamba za kuzunguka. Mwenye magoti mabovu au kizunguzungu asijaribu. Upepo mkali au mvua, wanafunga. Ukichagua, chagua upande wa Kuzaliwa (wenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu), ndio uliojengwa Gaudí akiwa hai. Mnara wa Barnaba, uliokamilika 1925, ndio pekee aliouona umekwisha kabla ya kugongwa na tramu Juni 1926. Upande wa Mateso (wa kusulubiwa kwake Yesu) ni kazi ya baadaye, sanamu zake ni za Josep Maria Subirachs. Pale pana kijimraba cha namba, nne kwa nne, kila mstari ukijumlisha unapata 33. Kinaonekana kutoka nje.

Mavazi ni ya kanisani: mabega yafunikwe, kaptura isiwe juu ya nusu paja. Hili nalo hamlisemi, mtu anakuja na singlendi mwezi wa saba anasimamishwa mlangoni.

Na saa ya kuingia siyo jambo la bahati nasibu, ingawa orodha zenu zinaandika "saa yoyote". Vioo vya upande wa Kuzaliwa ni vya bluu na kijani, jua la asubuhi linapita hapo. Vya upande wa Mateso ni vyekundu na vya machungwa, vinawaka alasiri. Mimi nasema alasiri, majira ya baridi mapema kidogo kwa kuwa jua linazama upesi. Inua macho uangalie nguzo: hazifanani rangi kwa sababu mawe hayafanani nguvu. Zile nyekundu za katikati ni porfiri, aina ya jiwe gumu, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Nyingine ni za basalti, granite na mawe ya mchanga. Juu zinagawanyika matawi ili uzito ushuke moja kwa moja chini, ndiyo maana nje hakuna kuta za kuegemeza kama kwenye makanisa ya Kigothi.

Mpiga picha asiye na hela ya kuingia akae Plaça de Gaudí, ng'ambo ya kidimbwi, ASUBUHI. Alasiri jua liko nyuma ya jengo, utapata kivuli cheusi. Mantiki ni ile ile kwenye mtaa wa Passeig de Gràcia, zilipo nyumba mbili za Gaudí: Casa Batlló (namba 43) inapigwa na jua asubuhi, Casa Milà (namba 92, upande wa pili) alasiri. Kwa hiyo anza chini, kituo cha metro Passeig de Gràcia, upande taratibu hadi kituo cha Diagonal. Wenzetu mnawaelekeza kinyume, halafu wanashangaa picha zao zimefifia.

Jingine linalonichefua ni kumbambikia Gaudí kila kitu. Zile taa za chuma zenye benchi la vigae vyeupe Passeig de Gràcia ni za mbunifu mwingine, Pere Falqués, 1906. Cha Gaudí mtaani hapo ni kile mnachokikanyaga: vigae vya pembe sita vyenye pweza, konokono na kiti cha pwani (yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota), ambavyo mchoro wake haukamiliki kwenye kigae kimoja mpaka vipangwe saba pamoja. Bure kabisa, na hakuna anayeinama. Casa Amatller, namba 41, ni ya mbunifu Puig i Cadafalch. Ukumbi wake wa chini unaingia bila tiketi. Casa Lleó Morera, namba 35, ni ya mbunifu Domènech i Montaner. Na taa za Gaudí kweli, kazi yake ya ujana ya 1879, ziko Plaça Reial, hulipii hata senti.

Kuhusu kulipia nyumba zote, hapana. Batlló na Milà kila moja inakaribia au inapita euro 30, na ile "kuanzia" inayoandikwa ni bei ya saa mbaya na kifurushi kidogo. Mwenye uwezo wa nyumba moja tu aende Palau Güell, jumba la Gaudí lililoko Carrer Nou de la Rambla, pembeni ya mtaa wa Rambla. Euro 12. Chini kuna zizi la farasi lenye nguzo nene za matofali, katikati ukumbi wenye kuba lililotobolewa matundu ya nuru, juu ya paa mabomba ya moshi 20 yaliyovishwa vipande vya vigae. Jumatatu wamefunga. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, ila LAZIMA uhifadhi nafasi mtandaoni, siyo kwenda tu mlangoni kama mnavyoandika.

Nyongeza, maana inbox imejaa:

Usafiri: T-casual, kadi ya safari 10 za metro, basi na treni, mwaka 2025 ilikuwa euro 12 na ushei. Ni ya mtu mmoja, hamgawani. HAITUMIKI vituo vya metro vya uwanja wa ndege, hapo mashine inakutaka tiketi ya bei nyingine. Inatumika kwenye basi 46 hadi Plaça Espanya na treni R2 Nord kutoka T2 (jengo la pili la abiria uwanjani). Ukishukia T1, basi la bure linakupeleka T2.

Hosteli: kodi ya utalii haimo kwenye bei uliyoona. Sehemu ya jiji peke yake ilipanda hadi euro 4 kwa usiku Oktoba 2024, unailipa hadi kwa usiku saba, hata kwa kitanda cha bweni.

Mkuu uliyeuliza kama ununue tiketi za Sagrada kabla ya visa: usinunue. Ubalozi unataka bima ya euro 30,000, mahali pa kulala, uthibitisho wa fedha na ratiba. Wakala anayekuambia ulipie tiketi za majengo "ili ombi lipendeze" anatafuta kamisheni. Ombi linapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari na jibu kwa kawaida ni siku 15, wakati mwingine zaidi. Peleka miezi mitatu kabla, visa ikitoka tiketi za wiki yako zitakuwa ndiyo kwanza zinafunguliwa.