Mjadala: Kumsaka nguruwe mwitu, mbwa wangapi wanatosha?

MSASI WA KUSINI (mwenye mada)
Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila tukikaa barazani jambo hili linaishia kwa kelele, basi nalileta hapa tulijadili kwa maandishi. Siku hizi wasasi wengi huku Kusini Unguja wanaingia maweni, yaani vichaka vya kwenye mawe ya matumbawe, na mbwa kumi, hata kumi na mbili, wengine wameokotwa njiani asubuhi ile ile. Mimi nasema mbwa watatu au wanne waliofunzwa wanatosha. Wakizidi hapo tunajiharibia wenyewe.

Nilishaingia na mbwa tisa nyuma ya makonde ya muhogo. Dume likatolewa kichakani, likakimbia kidogo, kisha likajipa mgongo kwenye jabali. Mbwa wawili wazoefu walisimama kama hatua tatu mbele yake wakibweka, na hiyo ndiyo kazi yao: kumzuia mpaka mtu afike. Wale saba wakaja kwa pupa, wa nyuma akimsukuma wa mbele mpaka kwenye meno. Nguruwe hupiga kichwa kutoka chini kwenda juu, na jino lake la chini ni kisu. Tulipofika na mikuki hatukuweza kuchoma, maana palikuwa na mbwa kila upande. Nguruwe akapenya. Mbwa wangu mmoja alichanwa tumbo, nikamzika hapo hapo. Sijamsahau.

Hiyo ni hasara yangu. Hasara yetu sote ni paa nunga, yule paa mdogo wa msituni. Mnyama huyu hafiki hata kilo kumi na tano, na ukiacha hapa Unguja anapatikana misitu ya pwani ya Kenya tu, kama Arabuko-Sokoke na Boni. Mbwa asiyefunzwa akinusa paa humwacha nguruwe akamfuata paa. Ukiwa na mbwa kumi, nani atajua watatu wameishia wapi?

MZEE WA NYAVU
Mwanangu, nimekusoma vizuri na nimesikitika kwa mbwa wako. Lakini nguruwe hatembei peke yake. Jike na watoto wake, na dume, mara utawakuta sita au saba pamoja. Ukifungua mbwa watatu watamwandama mmoja, wengine wote watarudi kondeni usiku ule ule. Umefanya nini?

Sisi tulikuwa na nyavu. Zinatandazwa upande mmoja wa kichaka, watu na mbwa wanaingilia upande wa pili kwa kelele, nguruwe wanakimbilia wavuni na huko wanangojwa na mikuki. Idadi ya mbwa ilifuata urefu wa wavu na upana wa kichaka. Kilichowapoteza mbwa wako ni kuingia wengi bila wavu. Na usisahau, zamani tulikuwa na mwenzetu katika kazi hii. Chui alikuwa akiwala nguruwe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukapita msako wa chui kisiwa kizima, sasa kazi yote imebaki kwetu.

MAMA WA MATUTA
Mimi sina mbwa, nina muhogo na viazi. Usiku mmoja tu nguruwe wanafukua matuta ya miezi minane. Wanachokula ni kidogo, wanachokivunja ndicho kinacholiza. Kwa hiyo wasasi nawaombea dua, waje.

Ila jamani, mkiondoka hesabuni mbwa wenu. Mlipokuja mara ya mwisho walibaki wawili wanazurura huku, wiki ya pili mmoja akamuuma mwanangu mguuni. Nimekwenda naye sindano za kichaa cha mbwa kila tarehe niliyopangiwa, nauli yangu, siku zangu za shamba. Nikauliza mbwa wa nani, kila mtu akasema si wake.

KIJANA WA CHUONI
Suratul Maida, aya ya 4, inaporuhusu windo la wanyama wa kuwindia imewataja waliofundishwa. Najua nguruwe hatumli, tunamwondoa kondeni tu. Lakini tukitaka kujitetea kwa watu wanaotulaumu kwa kufuga mbwa, hoja yetu ni kwamba wetu wana kazi na wamefunzwa. Aliyeokotwa njiani asubuhi hatuna la kumtetea.

MSASI WA KUSINI
Mama, pole sana, na mtoto Mungu amponye. Neno lako limenigusa kuliko yote. Nabadilisha hoja yangu hivi: tusihesabu mbwa, tuhesabu watu. Kila mbwa awe na mtu wake, anayemwita kwa jina akarudi, aliyemchanja, na atakayejibu akiuma. Tukiwa sita, mbwa sita. Tunafungua watatu wa kunusa na kubweka, watatu wanabaki na kamba mpaka nguruwe asimame.

Mzee, kuhusu wavu nakubali. Lakini maweni yanakata nyayo. Mbwa asiyezoea akikimbia saa moja anachechemea, na aliyechechemea hawezi kukwepa jino. Wengi kwako wanaongeza sauti, kwangu naona wanaongeza majeruhi.

MZEE WA NYAVU
Kila mbwa na mtu wake, hapo tuko pamoja. Kwa jike na watoto wake mbwa watatu hawatoshi, hilo sibadiliki. Kama unanibishia, Jumamosi njoo na hao wako wa kamba. Wavu wangu ninao, ila umeliwa na panya pembeni. Uje na uzi, tuushone kwanza.

MAMA WA MATUTA
Mkimaliza kushona, anzieni kwangu. Jana wamepita tena.