Damu ndani ya kichwa lakini "ubongo haujaguswa", inawezekana aje?

dada_wa_Donholm

Habarini wadau. Naomba mwenye amesomea mambo ya mwili anieleweshe.

Ndugu yangu mdogo alianguka kutoka kwa boda pale Outering, hakuwa na helmeti, kichwa kikagonga ukingo wa barabara hapa juu ya sikio la kushoto. Akazimia kidogo, akaamka, akajipanguza vumbi, akanipigia simu mwenyewe akaniambia nisiwe na wasiwasi. Tulipofika emajensi alikuwa anaongea fiti kabisa, hadi anabishana na sista juu ya kuvuliwa viatu. Baada ya masaa machache akaanza kulia na kichwa, akatapika, akawa anasinzia, ukimuita anajibu maneno yanaburuzika, na mboni ya jicho la kushoto ikawa kubwa kuliko ya kulia. Wakamkimbiza skani na kutoka skani moja kwa moja thieta.

Mungu ni mwema, sai yuko wadi, anakula, anatutambua wote. Daktari alitueleza ati damu ilikuwa nje ya utando wa ubongo, ubongo wenyewe haujapasuka. Kwa faili waliandika EDH, na GCS 15, halafu baadaye GCS 11. Mimi niliitikia tu lakini sikuelewa. Kati ya fuvu na ubongo kuna nini mpaka damu ikae hapo bila kuingia kwa ubongo? Na mbona alikuwa sawa kwanza ndo akazidiwa? Halafu kuna shosho jirani yetu aliteleza bafuni, yeye wiki kadhaa zikapita ndo wakapata damu, na yeye akaambiwa iko CHINI ya utando. Ni utando huo huo ama mwingine?

mwalimu_wa_mafuvu

Pole sana dadangu, na ni vizuri sana kwamba alianza kusinzia akiwa tayari hospitalini. Nafunza anatomia wanafunzi wa afya hapa mjini na hii mada naipenda kuliko zote, kwa hivyo nivumilie nitaandika ndefu.

Tuanze nje tuingie ndani. Kuna ngozi ya kichwa, kuna mfupa wa fuvu, halafu tando tatu, halafu ndo ubongo. Utando wa kwanza ni dura. Ni mnene, mgumu, haupasuki ovyo, na umegandana na mfupa kwa ndani kama lebo kwa chupa ya soda. Wa pili ni araknoidi, huo ni mwembamba sana, unapitisha mwanga, na umelala ukigusana na dura. Wa tatu jina lake ni "pia", huo umeshikana na ubongo wenyewe hivi kwamba kila mkunjo wa ubongo ukizama, pia inazama nao. Kati ya araknoidi na pia ndo kuna nafasi halisi, imejaa maji, na ateri kubwa za ubongo zinapita humo. Hizo nafasi zingine mbili, ile ya kati ya mfupa na dura na ile ya kati ya dura na araknoidi, kwa mtu mzima mwenye afya hazipo. Damu ndiyo inazifungua kwa nguvu.

Sasa tuje kwa ndugu yako. Ukishika fuvu kavu la maabara uangalie upande wa ndani, pale kwenye panja utaona vijifereji vimechongeka kwa mfupa, vinapanda huku vikigawanyika matawi. Hiyo ni njia ya ateri ya kati ya meninji (meninji ndo hizo tando tatu), inaingia kichwani kupitia kitundu kidogo chini ya fuvu na kazi yake ni kulisha dura na mfupa, wala hailishi ubongo. Huwa nawaambia wanafunzi wapitishe kidole kwa huo mfereji, kisha wainue fuvu kuelekea dirishani, na pale kwenye panja mwanga unapenya mfupa. Ni mwembamba kiasi hicho! Na ni hapo hapo mifupa minne ya fuvu inakutana. Mtu akigonga hapo mfupa unapata ufa, ateri inakatika, na kwa kuwa damu ya ateri iko na presha inaanza kubandua dura kutoka kwa mfupa pole pole. EDH waliyoandika ni damu ya epidura, yani iko juu ya dura, upande wa mfupa. Kwa hivyo daktari alisema ukweli, ubongo haukukatwa, lakini ulikuwa unafinywa na hiyo ndo hatari yenyewe.

Mbona alikuwa sawa kwanza? Ni kwa sababu fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani mna vitu vitatu tu, ubongo, damu na maji, na kimoja kikiongezeka kingine lazima kipishe. Waskoti wawili ndo waliliweka wazi hili, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, na hadi leo madaktari wa upasuaji wanapiga hesabu hiyo hiyo. Damu ikianza kujaa juu ya dura, maji ya ubongo yanateremka kwenye mgongo na damu ya vena inatoka haraka, presha inabaki karibu na kawaida na mgonjwa anapiga stori. Lakini hiyo nafasi ya kupisha ni ndogo, ikishaisha basi damu kidogo tu ya ziada inapandisha presha kwa ghafla, ndo unaona mtu aliyekuwa anabishana na sista sasa hafungui macho. Si kila mwenye EDH anapata hicho kipindi cha kuwa sawa, wengine wanazimia moja kwa moja, ila kikitokea kinadanganya familia nzima.

Shosho wenu ni utando huo huo wa dura, ila yeye damu iko upande wake wa chini, kati ya dura na araknoidi. Huko haivuji ateri ya kwenye mfupa. Kuna vena ndogo zinatoka juu ya ubongo, zinavuka kwenda kumwaga damu kwa mfereji mkubwa wa vena ulio ndani ya dura, pale katikati ya utosi. Mtu akizeeka ubongo unapungua kidogo, zile vena zinavutika, na hapo hata kugonga kichwa kidogo bafuni kunatosha kuchana moja. Damu ya vena haina presha kubwa, inavuja taratibu wiki baada ya wiki, shosho anaanza kusahau, anaburuta mguu, watu wanasema ni uzee. Wanaokunywa pombe sana na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda nao wako kwa hatari hiyo.

Hata kwa skani hizi mbili hazifanani. Ile ya juu ya dura inatokea na umbo la lenzi, imevimba katikati, kwa sababu dura imeshikilia sana pale mifupa inapoungana na damu haivuki hapo. Ile ya chini ya dura inatambaa ikifuata ubongo, inaonekana kama mwezi mchanga.

sista_wa_zamu_ya_usiku

Mwalimu umeeleza vizuri sana. Naongeza hiyo ya GCS kwa sababu familia nyingi zinaona namba kwa faili na hakuna mtu ana muda wa kuwaambia maana yake. Ni kipimo cha fahamu kilitoka Glasgow mwaka 1974, tunaangalia vitu vitatu: macho yanafunguka aje, mtu anaongea aje, na mikono na miguu inafuata maagizo aje. Macho yako na alama 4, maneno 5, mwendo 6, jumla 15. Ya chini kabisa ni 3, hakuna sufuri. Kwa hivyo ndugu yako kutoka 15 hadi 11 ilikuwa kengele, na ndo maana tunakusumbua usiku kucha na tochi na maswali ya leo ni siku gani. Tafadhali msitukasirikie tukimuamsha mgonjwa wenu amelala, tunatafuta huo huo mteremko.

Na mboni. Neva inayofanya mboni ijikaze inapita pembeni ya shina la ubongo, chini kidogo ya sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja. Presha ikisukuma hiyo sehemu ishuke inaikandamiza neva, na mboni ya upande huo huo inabaki wazi, ukimulika haijikazi. Ikifika hapo dakika zina maana, kwa sababu shina la ubongo ndilo linaendesha kupumua.

Mtu amegonga kichwa halafu anatapika tena na tena, ama kichwa kinazidi kuuma, ama hamumuelewi akiongea, ama anapata degedege, ama maji maji yanatoka puani au sikioni, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku na mlisharuhusiwa kwenda nyumbani. Msimwache "apumzike kwanza".

rider_wa_Kariobangi

Mimi niko steji miaka mingi na hii imenigusa. Abiria wengi wanakataa helmeti, ati nywele imetengenezwa, ati imevaliwa na watu kumi kabla yake, na hilo la usafi wana haki, sisi wenyewe tuzioshe na tuweke vile vikofia vya ndani. Lakini pia kuna ile ya kuivaa bila kufunga mkanda wa kidevu, ikifika chini iko peke yake na kichwa kiko peke yake. Sikujua hapo kwa panja mfupa ni mwembamba hivyo. Kesho nasomea watu wa steji hii thread.

dada_wa_Donholm

Mungu awabariki jamani, nimesomea mama yote na amelia lakini ameelewa. Sasa kitu kimoja, mkono wake wa KULIA hauna nguvu sana, na maneno anayatafuta, anajua kikombe ni cha nini lakini jina linamkataa. Yeye aligonga kushoto, mbona shida iko kulia?

mwalimu_wa_mafuvu

Inalingana kabisa. Njia za neva zinazoamuru misuli zinatoka nusu moja ya ubongo, zinashuka, na nyingi zinavuka kwenda upande wa pili pale chini ya shina la ubongo, kabla hazijaingia uti wa mgongo. Kwa hivyo nusu ya kushoto ndo inaendesha mkono wa kulia. Na kwa watu wengi lugha pia iko nusu ya kushoto, ile ya kutoa maneno iko sehemu ya mbele na ile ya kuyaelewa iko nyuma zaidi, karibu na juu ya sikio. Uvimbe wa damu wa kushoto ulikuwa umeegemea huo mtaa. Kwa kuwa seli zenyewe zilifinywa na hazikukatwa, kuna sababu ya kutumaini, na kijana huwa anapata nafuu vizuri. Ulizeni mapema kuhusu mazoezi ya viungo na mtaalamu wa kurekebisha usemi, msingoje aondoke wadi.

baba_wa_mapacha_Ruai

Naingilia kidogo, si ajali. Hizi tando tatu ndizo zile za homa ya uti wa mgongo? Mtoto wa kaka yangu amelazwa, daktari anataka kumtoa maji ya mgongo kupima, na bibi yake amekataa katakata, anasema watoto wakidungwa hapo wanapooza.

sista_wa_zamu_ya_usiku

Baba mapacha, ndizo. Jina la mtaani linataja uti wa mgongo lakini kinachougua hasa ni tando, ule unaoitwa "pia" na ule wa araknoidi pamoja na maji yaliyo katikati yake, na tando hizo zinafunika ubongo zikashuka hadi zikafunika uti wa mgongo. Ni maji yale yale. Yanatengenezwa ndani ya vyumba vinne vya ubongo, karibu nusu lita kwa siku, ingawa kwa mtu mzima yaliyomo kwa wakati mmoja ni mililita 150 hivi tu, mengine yanarudishwa kwa damu. Kazi yake nyingine ni kuubeba ubongo, ule wa mtu mzima una gramu 1400 hivi lakini ukielea humo uzito wake unakuwa kama gramu 50.

Sasa mwambie mama hivi, kwa heshima. Uti wa mgongo haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa mtoto mchanga unashuka kidogo zaidi, karibu ya tatu, na ndo maana sindano inaingizwa chini zaidi ya hapo, ambapo kumebaki nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji na zinasogea sindano ikija. Watoto wanaopata shida baadaye, wa kutosikia ama kupooza ama degedege, mara nyingi ni ule ugonjwa uliwafanyia hivyo, na watu wakakumbuka sindano. Kuna wakati daktari mwenyewe anaahirisha, kwa mfano akishuku presha ya kichwa iko juu sana, na hata hapo dawa huanzishwa bila kungoja. Maji mazuri ni meupe pe pe pe, unaona kupitia chupa. Yakitoka na ukungu daktari anajua saa hiyo hiyo kuna kitu, na maabara ndo itasema ni bakteria gani na dawa gani itamfaa. Mwambie kaka yako aweke sahihi leo.