Tupeane uzoefu: Kiingereza ulichodhani umekielewa kikakuponza

Mleta mada
Wanajamvi, habari za usiku. Naomba tupeane uzoefu kwenye jambo hili, maana mwenzenu lilinigharimu.

Mwaka wangu wa kwanza Ohio, Marekani, nilipata kibarua kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Pilikapilika za Krismasi zilipokwisha, Januari, msimamizi akaniita ofisini. Akaongea kwa upole, akanisifu kwamba nachapa kazi, kisha akasema: "We're going to have to let you go." Kila neno nililijua. "Let" ni kuruhusu, "go" ni kwenda. Nikaelewa ananiruhusu niwahi nyumbani kwa kuwa mizigo imepungua. Nikamshukuru, nikamwambia Mungu ambariki. Akanitazama kidogo, akanipa mkono.

Kesho yake usiku nikaenda kazini kama kawaida, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, hotpoti ya ugali na maharage iko kwapani. Nikapitisha kitambulisho mlangoni, taa ikawaka nyekundu. Nikapitisha tena, nyekundu. Mlinzi akapiga simu ndani, akanirudia na sauti ya chini: wamekuachisha kazi tangu jana, ndugu. Basi la mwisho lilikuwa limeshapita. Nilitembea saa nzima na nusu. Mke wangu aliponifungulia mlango akauliza kwa furaha, "Wamekuruhusu tena leo?"

Tangu siku ile naamini misemo inayotuponza si ile ya ajabu. Ukiambiwa "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, unajua hapo pana fumbo, utauliza. Inayoponza ni ile yenye maneno mepesi ya darasa la tatu, kwa sababu haikupi hata wasiwasi wa kuuliza. Leteni za kwenu.

Mlezi wa wazee, Leeds
Pole sana kaka. Yangu ilimuumiza mtu mwingine, ndiyo maana sijaisahau.

Nilikuwa na wiki mbili tu kwenye nyumba ya wazee. Bibi mmoja, msafi, mstaarabu, nywele zimechanwa vizuri, akaniita: "I need to spend a penny, love." Nikajua anataka kununua kitu. Nikamletea pochi yake, nikamweleza kwamba duka la jirani limefungwa. Akarudia. Nikamwambia kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe. Akanyamaza, akageukia dirishani. Nilipokuja kumfunika blanketi vizuri ndipo nikaona kiti kimelowa, na yeye analia bila sauti.

Mwenzangu wa zamu akanifafanulia. Zamani vyoo vya umma Uingereza vilikuwa na kitasa cha kutumbukiza peni moja ndipo mlango ufunguke. Hata kwenye Maonyesho Makubwa ya 1851, pale Hyde Park, London, watu walilipa peni moja kuingia chooni. Peni ya zamani ilitolewa kwenye matumizi 1971, lakini wazee wamebaki na msemo wao. Na sisi je? Tunasema naenda msalani, naenda haja, naenda kujisaidia. Ningejiuliza tu kwa nini bibi wa watu anaongea kwa haya vile, ningefika kwenye jibu bila kamusi.

Dada wa mapokezi, Arusha
Hapo kwenye kujisaidia umenigusa. Hotelini kwetu ilikuwa semina, wageni wa nje na wazee wa vijiji pamoja. Saa ya chakula mgeni akasimama, akanyoosha mkono kwenye meza ya vyakula: "Please, help yourselves." Kijana mkalimani, ana jasho na haraka, akatafsiri: "Mgeni anasema tafadhali mjisaidie." Ukumbi kimya. Mzee mmoja akauliza kwa heshima zote, "Hapa hapa?"

Nilimwonea huruma yule kijana, alikuwa anajua Kiingereza kuliko wengi wetu. Nikachukua kipaza sauti nikasema karibuni chakula, kila mtu ajipakulie. "Kujipakulia" ndilo neno. Liko kinywani mwa kila mama, ila likikimbizwa na Kiingereza linajificha.

Muuguzi mwanafunzi
Mimi ni fupi. Mwenzangu wa darasa aliniambia, "My dad passed on Sunday." Wiki hiyo sote tulikuwa tunasubiri matokeo, kichwani mwangu "pass" ilikuwa kufaulu basi. Nikamkumbatia nikasema hongera sana. Nilimwomba radhi, akanisamehe, mpaka leo tunaongea. Lakini uso wake siku ile ninao.

Mleta mada
Pole dada. Na kwetu kifo tunakizunguka vilevile. Mgeni ukimwambia mzee ametangulia, atauliza ametangulia wapi.

Karani wa zamani, Nairobi
Niongeze moja ambayo huwakosanisha hata wenye lugha yao. Nairobi nimeandika mihtasari ya vikao miaka mingi. Kwetu, kama Uingereza, "to table" jambo ni kuliweka mezani lijadiliwe. Nikahamia Minnesota, nikaingia kamati ya kanisa. Hoja yangu ya kusaidia familia zilizotoka kambini ikasomwa, mwenyekiti akatangaza kuwa imekuwa "tabled". Nikakunja miwani, nikajipanga kuongea. Wakahamia ajenda nyingine! Kumbe Marekani maana yake ni kuiweka kando. Nilirudi nyumbani nikiamini wamenidharau.

Baadaye nikakuta Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, aliandika kisa cha namna hiyo hiyo kwenye kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili: maofisa wa Uingereza na wa Marekani walibishana muda mrefu juu ya neno hilo, kumbe wote walitaka kitu kimoja. Nilifarijika. Mwezi uliofuata nikaomba hoja irudishwe, ikapita.

Kijana wa Manchester
Kwangu ni saa. Nilianzia Leipzig, Ujerumani, ambako "halb fünf" (neno kwa neno "nusu tano") ni saa kumi na nusu. Nikaja Uingereza, naambiwa usaili ni "half five". Nikafika saa kumi na nusu, nikakaa nje saa nzima, wao walimaanisha saa kumi na moja na nusu. Bora kuwahi. Ingekuwa kinyume chake, kazi ningeikosa.

Mama wa Toronto
Jamani nimesoma yote kimya, sasa moyo unadunda. Mwalimu wa mwanangu ameandika kwenye ripoti, "He is quite a handful." Mimi najua "handful" ni kitu cha kujaa mkononi, nikaona ni baraka, mtoto amejaa. Nimekosea?

Mleta mada
Mama, hujakosea peke yako. Maana yake mtoto ni mtundu, anamchosha mwalimu. Si tusi, wengine huitamka kwa upendo, ila usiiache ipite. Jumatatu nenda umwone, umuulize ni nini hasa anafanya na kwenye kipindi gani. Ana miaka mingapi?

Mama wa Toronto
Sita. Ahsante baba, nitakwenda. Ile ripoti nilikuwa nimeshaibandika kwenye mlango wa friji, na bibi yake Tabora nimemtumia picha.